Upatu wa Bunduki Moja

Shangazi yangu alikuwa mlengaji mbaya kuliko wote niliowahi kucheza nao, na nimecheza na mtu aliyekuwa akifumba macho kabla ya kufyatua. Ungemwekea adui mbele yake, kasimama wima, mchana kweupe, angepasua dirisha, angetoboa pipa, angeua taa ya barabarani, na adui angebaki anashangaa kelele zote hizo ni za nini. Hata hivyo kulikuwa na kipindi ambacho hakuna timu ya jirani iliyopenda kupangiwa na timu yake. Nilikuwa ndani ya timu hiyo, kwa hiyo naweza kueleza sababu bila kujisifu. Sababu sikuwa mimi.

Alikuwa dada mdogo wa baba, kitinda mimba, kanizidi miaka sita tu. Kwa umri alikuwa dada, lakini kwa ukoo ni shangazi, na ukoo hauna rufaa. Nilipomwita hivyo mbele za watu, mtaa mzima ukamwita hivyo, hadi wanaume wenye mvi waliokuja kuwachukua wake zao saluni. "Shangazi, bado tu?" wangeuliza, na yeye angejibu bila kugeuka, "Kichwa cha mkeo ni kikubwa, baba, ulikiona siku ya kuposa."

Saluni yake ilipakana na ukumbi wa gemu kwa ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, mtu wa kule anakuombea afya. Upande wake kulikuwa na viti viwili, kioo kimoja, mashine ya kukaushia nywele na harufu ya dawa inayoingia hadi kwenye meno. Upande wetu kulikuwa na kompyuta kumi, feni moja, na mwenye ukumbi tuliyemwita Jenereta. Jenereta hakuwa na jenereta. Umeme ukikatika tulikaa gizani kama kuku. Jina lilitokana na mdomo: akiwaka, hazimiki mpaka mafuta yaishe.

Shangazi alikuja mara ya kwanza kutugombeza. Kumbe kila bomu lililolipuka kwetu lilimfanya mteja aruke, na msusi akivuta nywele wakati mteja anaruka, kinachobaki mkononi ni kesi. Alisimama nyuma ya kiti changu, kitana kimechomekwa kwenye kilemba, akawa anangoja nimalize ili anitukane vizuri. Nikafa kwenye gemu. Timu nzima tukafa. Naye badala ya matusi akauliza:

"Hizo namba za kijani hapo pembeni ni nini?"

"Pesa, Shangazi. Za ndani ya gemu. Ukishinda raundi unapewa nyingi, ukishindwa unapewa kidogo. Kabla raundi haijaanza unanunua silaha."

"Na wewe umenunua nini?"

"Bunduki."

"Na huyu?"

"Bastola. Hakuwa nazo za kutosha."

"Na yule?"

"Yule hana kitu. Alinunua bunduki raundi iliyopita, akafa. Ukifa, silaha imekwenda."

Alituangalia mmoja mmoja jinsi alivyokuwa akiangalia kichwa kilichosukwa na mtu mwingine. "Watu watano mnaishi nyumba moja, kila mmoja anapika chungu chake," akasema. "Halafu mnashangaa mnalala njaa."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake, saluni ikiwa tupu, alirudi akakaa kwenye mashine ya kumi, ile ambayo herufi zake nusu zilikuwa zimefutika.

Sasa, ili umwelewe Shangazi, lazima umjue bibi yangu, japo kwa mistari miwili. Bibi alikuwa kijumbe, yaani mama anayesimamia upatu: wanawake wanachanga, na kila awamu chungu chote anapewa mmoja, mpaka zamu izunguke. Dada yake wa tumbo moja alikuja siku moja akitaka apewe mbele ya zamu, bati la jikoni limeng'olewa na upepo. Bibi akakataa. Akampa dada yake kitanda, chakula na turubai, lakini zamu hakumpa. Dada alinuna msimu mzima. Upatu wenyewe ukaishi kuliko ndoa nyingi pale mtaani. Shangazi alikulia chini ya meza ya vikao hivyo, na kama alitoka na dini yoyote, ilikuwa ni hiyo: zamu ni zamu.

Basi akatuletea upatu ndani ya gemu.

Mle ndani kulikuwa na bunduki moja ndefu, ya mdunguzi, yenye darubini. Risasi moja, mtu mmoja. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya bunduki ya kawaida, na ilipolia uwanja mzima ulinyamaza, ndiyo maana tuliiita Mama Mkubwa. Gemu haikuruhusu kumpa mwenzako pesa, lakini iliruhusu kumnunulia silaha ukamrushia miguuni. Kwa timu nyingine Mama Mkubwa alikuwa mali ya fundi mmoja tu, yule mlengaji bora. Kwetu alizunguka. Tulibana matumizi raundi moja au mbili, tukaingia na bastola, tukapigwa kwa heshima. Kisha aliyejaliwa pesa alimnunua Mama Mkubwa akamrushia mwenye zamu. Raundi inayofuata, mwingine. Aliyetangaza nani anabana, nani ananunua na nani anarushiwa alikuwa Shangazi, kwa sauti ileile ya kumwambia mteja ainamishe kichwa.

"Sindano, leo unashika bastola. Usinikunjie uso, nakuona kwenye kioo cha mashine. Pacha, mnunulie Kobe. Kobe, pokea. Wewe mtoto wa kaka, weka moshi mlangoni kisha ukae kimya."

Sindano alikuwa fundi simu, mwembamba, mkali wa macho na mkali zaidi wa mdomo. Kwa kulenga hakuwa na mfano. Angeweza kumpiga mtu kupitia tundu la ufunguo. Pacha aliuza matairi yaliyotumika, na pacha wake hatukuwahi kumwona. Mimi naamini alimbuni ili wawe wawili wa kulaumiwa. Kobe alikuwa fundi vioo, mkubwa kuliko sote, baba wa watoto, mpole na mzito wa kila kitu. Ukimsalimia leo anakujibu ukiwa umeshavuka barabara. Alicheza vilevile. Alipokuwa na Mama Mkubwa alikaa na kona yake, akaipangusa kwa macho, akangoja, na mara nyingi aliyepita alikuwa ameshapita.

"Shangazi, kumpa Kobe bunduki ile ni kumpa nyani kioo," Sindano alisema siku moja.

"Nyani akipewa kioo anajiona," Kobe akajibu, baada ya kama dakika nzima, tulipokuwa tumeshahamia habari nyingine. Tulicheka hadi Jenereta akaja kuangalia nani kazirai.

Cha ajabu upatu ulifanya kazi. Wapinzani walikuja wamejiandaa kumwinda mdunguzi mmoja: wanamjua anasimama wapi, anakohoa saa ngapi. Kwetu hawakujua Mama Mkubwa yuko kwa nani. Raundi hii risasi inatoka darini kwa Sindano aliyekimbia kama panya, raundi ile inatoka chini ya ngazi kwa Kobe ambaye hajasogea tangu mchezo uanze. Na kwa kuwa kila mmoja alijua zamu yake inakuja, hakuna aliyenunua kwa uchoyo. Shangazi mwenyewe alijifunza sanaa moja tu, kujificha. Tukikaribia kushindwa alijibanza nyuma ya makreti asife, silaha yake isipotee, na raundi inayofuata alikuwa na pesa za kumnunulia mtu.

Wateja walizoea. Kuna mama mmoja alisukwa upande mmoja wa kichwa, Shangazi akasema "nakuja", na mama akangoja, akangoja, mwisho akamfuata ukumbini na kichwa chake cha nusu. Tulitegemea vita. Akavuta kiti nyuma ya Shangazi, akatazama raundi mbili, kisha akapiga kelele: "Huyo mwembamba mbona ananunua? Si zamu yake ya kubana?" Tangu hapo alikuja hata siku ambazo hasukwi.

Nazikumbuka jioni zile kuliko ninavyokumbuka chochote cha chuo, na chuo chenyewe tuliachana katikati ya diploma, bila ugomvi, kila mtu akashika njia yake.

Halafu yakaja mashindano ya kumbi. Zawadi zilikuwa hedifoni tano mpya na ubao wa ubingwa wa kutundika mlangoni. Jenereta alishaupigia msumari ubao huo kabla hatujacheza hata mechi moja. Tuliingia fainali dhidi ya vijana wa ukumbi wa karibu na stendi, wenye fulana nyekundu zinazofanana na kocha wao wenyewe, jamaa aliyetafuna kijiti cha meno hadi nikakionea huruma.

Ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi umejaa, wengine wamesimama saluni wakitazama kupitia mlango. Tulikabana koo. Wakatangulia, tukafikia, wakatangulia, tukafikia, hadi ikabaki raundi moja ya kuamua. Na hapo mfuko wa timu ulikuwa umetoboka. Mimi sina, Pacha hana, Sindano ana ya bastola na fulana ya kuzuia risasi, Kobe ana ya bastola tu. Mwenye pesa alikuwa Shangazi peke yake, kwa baraka za makreti. Pesa hizo zilimtosha Mama Mkubwa mmoja.

Na zamu ilikuwa ya Kobe.

Nafasi ya kununua kwenye gemu ni fupi, unaweza kuipoteza kwa kujikuna. Ndani ya nafasi hiyo Sindano alivua hedifoni sikio moja akamgeukia.

"Shangazi, nipe mimi."

Shangazi alikuwa anatazama namba zake za kijani.

"Shangazi, nakuomba, hii siyo ya kuchezea. Nipe mimi!"

Watu nyuma wakadakia. "Mpe mwembamba!" Jenereta akawaka: "Mpe Sindano, Shangazi, mpe Sindano, ubao wangu huo, mpe!" Hata yule mama wa kichwa nusu, mlinzi mkuu wa zamu, alinyamaza.

Kobe akabonyeza vitufe vyake. Mtu wake wa ndani ya gemu alitembea taratibu hadi mbele ya mtu wa Shangazi, akasimama hapo, akimwelekea, kama mtu aliyefika mbele ya sufuria na sahani yake mkononi. Nilikuwa nawaona wote wawili kwenye mashine yangu. Shangazi akanunua. Bunduki ikaonekana mikononi mwake, ndefu, nyeusi. Mtu wake akageuka, akampa Kobe mgongo, akairusha miguuni kwa Sindano.

Mtu wa Kobe alibaki amesimama palepale kidogo. Kisha akatoa bastola yake, akaenda.

Tulishinda. Sindano aliangusha watatu kama anachuma mapapai. Wawili waliobaki walichelewa kumfikia kwa sababu kuna mtu mwenye bastola aliwazuia mlangoni mpaka alipokufa, na mtu huyo mnamjua. Ukumbi ukapasuka. Jenereta alimbusu Pacha, jambo ambalo wote wawili walikana baadaye. Shangazi alipandishwa juu ya kiti akiwa bado na hedifoni, waya ukamvuta, nusura ashuke na kompyuta.

Kobe alivua hedifoni zake, akakunja waya vizuri, akazunguka kutupa mkono. "Hongereni," akasema. Si "tumeshinda". Alisema hongereni, kama jirani aliyepita harusini.

Mazoezi yaliyofuata hakuja. Alituma ujumbe kwamba ana kazi ya madirisha ya shule. Tukasubiri. Madirisha yale yakawa mengi kiasi kwamba nilianza kuamini shule nzima imejengwa kwa vioo. Pacha akamwona siku moja akipita ng'ambo ya barabara, kiunzi cha dirisha begani, uso umegeukia kule.

Tulichukua mtu mwingine, kijana mwenye vidole vyepesi. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuvuja. Sindano alitaka Mama Mkubwa kila raundi: si alituletea ubao? Pacha akasema kama ni hivyo, yeye anabana kwa ajili ya nani? Akaanza kujinunulia. Yule mpya hakuwahi kujua kuna zamu, kwa hiyo hakuwa na cha kuvunja. Mimi nami nikaanza kununua mapema kabla Shangazi hajasema, maana akisema utabanwa. Shangazi alitangaza manunuzi kama kawaida, sauti ileile, ila sasa alikuwa kama mtangazaji wa redio: anasema, watu wanaendelea na shughuli zao. Tulikuwa na hedifoni mpya kabisa, na kila mmoja alisikia tu bunduki yake.

Siku moja alizima mashine katikati ya mechi. Alikaa tu, mikono juu ya mapaja.

"Nimeua upatu," akasema.

"Shangazi, tulishinda," nikamwambia.

"Mama yangu alimnyima dada yake. Dada yake, unasikia? Mimi nimeshindwa kumnyima fundi simu."

"Mimi nipo hapa," Sindano akasema.

"Najua upo. Ndiyo maana nimekutaja."

Akafunga saluni kabla ya wakati, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata alipougua, akaniambia nimsindikize. Njiani alifanya mazoezi ya maneno. "Nitamwambia ilikuwa presha. Hapana. Nitamwambia watu walipiga kelele. Hapana, huo ni umbea. Wewe uliyesoma, mtu anasemaje?"

"Mimi nilisoma nusu, Shangazi. Hayo yalikuwa kwenye nusu nyingine."

Karakana ya Kobe ilikuwa chumba kirefu chembamba, vioo vimesimama ukutani kwa saizi zake, kila kimoja kikikuonyesha ukiingia. Tulijiona tunaingia mara kumi na kitu, na mara zote tulionekana wenye makosa. Yeye alikuwa ameinamia meza yenye zulia kuukuu, rula imebanwa, kikatio mkononi. Fundi vioo akiwa anakata husemi naye. Ukimshtua, mkono unateleza na kioo kinakwenda kinakotaka chenyewe. Tukasimama. Kikatio kikapita mara moja, na sauti ya hariri inayochanwa. Akakisogeza kioo hadi ukingo wa meza, akakibonyeza kwa viganja, kikakatika palepale kwenye mstari. Ndipo akainua kichwa.

"Shangazi."

"Kobe, zamu ile ilikuwa yako."

"Ndiyo."

"Nikaitoa."

"Ndiyo. Nilikuwepo."

Yale maneno yote ya njiani sijui aliyaangushia wapi. Kobe akavua glavu, moja, kisha nyingine, kwa mwendo wake. Nilidhani hatasema tena. Nilishaanza kuamini jibu tutalipata kesho yake, tukiwa tumeshavuka barabara.

"Mimi najua kulenga kwangu," akasema. "Sindano alifaa. Hata mimi ningempa Sindano."

"Sasa…"

"Ungeniuliza tu. Nilikuja nikasimama mbele yako. Ungesema, 'Kobe, mwachie mwenzako.' Ningesema, 'Haya.' Ingekuwa mimi nimetoa. Wewe ukanigeuzia mgongo kama sipo, mbele ya watu wote wale, na mwanangu alikuwa amekuja kunitazama."

Hilo la mtoto hatukulijua. Shangazi alikaa juu ya kreti la vioo, hakuomba ruhusa, na Kobe akasema haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumsikia, "Hapo siyo, hapo siyo, vitapasuka!" Shangazi akaruka. Nikacheka, samahani, ilinitoka. Kobe akanitazama, naye akaanza, polepole, ikapanda hadi mabega yakatikisika. Shangazi alikuwa anacheka na anafuta macho kwa ncha ya kilemba, na sikumuuliza ni machozi ya upande gani.

"Rudi," akamwambia. "Sitachukua ya mtu tena bila kuuliza. Hata kama nyumba inaungua."

"Ikiungua usiniulize, nitoe tu," Kobe akasema. Jumamosi akaja, na mwanawe, akamketisha nyuma ya kiti chake.

Kuanzia hapo Shangazi hakutangaza tena. Aliuliza. Yule mpya, tuliyekuwa sasa tukipokezana naye kiti, alivumilia mechi mbili akaondoka, akasema amejiunga na timu ya gemu, siyo baraza la wazee. Sindano ndiye aliyetushangaza: siku ya kwanza zamu ilipomwangukia alimgeukia Kobe akasema, "Chukua wewe, mzee, mwanao anaangalia," kisha akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Ubao hatukuweza kuutetea. Vijana wa fulana nyekundu walituchapa mashindano yaliyofuata, Jenereta akaung'oa msumari karibu kwa meno, na baada ya muda akauza mashine, pale sasa panauzwa masinki. Shangazi ana saluni kubwa mjini na viti vyenye magurudumu. Mimi nacheza nyumbani, mtandaoni, na watu wanne nisiowajua. Kila mmoja ananunua chake, tunashinda mara kwa mara, na tukimaliza wanaondoka bila kuaga.

Lakini msimu ule wa mwisho! Kuna raundi moja naisikia hadi leo. Pesa ipo, Mama Mkubwa anatosha mmoja, Shangazi anauliza ni ya nani. Ya Pacha. Pacha anasema mpe mtoto wa kaka. Mimi nasema mpe Shangazi mwenyewe, hajawahi kuishika mechi nzima. Shangazi anasema mimi niishike niue taa? Mpe Sindano. Sindano anasema Kobe. Kobe akafikiria. Alipofungua mdomo kusema "haya", duka la gemu lilikuwa limeshafungwa, na sote watano tukatoka na bastola, tukafutwa wote kabla hatujafika kona ya kwanza, huku mtoto wa Kobe akituuliza kwa nini watu waliokufa wanacheka hivyo.